"Miwani iko ku kichwa, koko!" Upande wa uzee unaochekesha, na mambo ambayo kila jamaa inapaswa kujua

Ni asubuhi, saa moja. Ndani ya nyumba moja ya Kadutu kule Bukavu, au ya Birere kule Goma, au ya Mulongwe kule Uvira, muzee anageuza matandiko. Anainua blanketi, anafungua sanduku, anaangalia chini ya kitanda. "Batoto, nani alibeba miwani yangu?" Wajukuu wanaangaliana. Mmoja anaziba kinywa kwa mkono. Mwingine hawezi kuvumilia tena: "Koko, iko ku kichwa!" Muzee anapapasa kipara chake, anakuta miwani, na yeye mwenyewe anacheka mpaka machozi yanatoka. "Nilikuwa ninawapima tu," anasema.

Karibu kila jamaa ya mashariki mwa Kongo ina kisa cha namna hii. Kuna koko anayeita majina ya wajukuu watano mbele ya kufikia lile analolitaka. Kuna yule anayepiga kelele ndani ya simu mpaka majirani wanatoka inje, "juu Kinshasa iko mbali." Kuna yule anayekwenda sokoni kununua chumvi, anarudi na habari zote za mtaa, lakini chumvi hakuna.

Visa hivi vinachekesha, na ni vizuri vichekeshe. Lakini kuna jambo zito nyuma yake. Mabadiliko yaleyale ya uzee yanayoleta kicheko katika nyumba moja yanaleta woga katika nyumba ingine, na mara zingine yanaleta mashitaka ya uchawi. Tofauti mara nyingi ni hii: nyumba ya kwanza inaelewa kinachotokea katika mwili wa mtu mzee, ya pili haielewi. Kile ambacho watu wanakielewa, wanaweza kukicheka. Kile wasichokielewa, wanakiogopa.

Utani una kazi yake

Katika makabila mengi ya Kivu, Maniema na majimbo ya jirani, baba ni mtu wa kuheshimiwa na kuogopwa kidogo. Koko ni kitu kingine. Koko mwanaume anamwita mjukuu wake wa kike "bibi yangu" na kumuuliza sababu gani leo hajapika. Koko mwanamke anamwita mjukuu wa kiume "bwana yangu" na kumdai makuta ya soko. Mtoto wa miaka saba anajibu bila woga: "Mimi siwezi kukuoa, hauna meno!" Nyumba nzima inacheka. Kama mtoto huyo angemwambia baba yake neno kama hilo, angelala bila kula.

Mgeni anaweza kuwaza kama ni matusi. Hapana, ni desturi yenye kanuni. Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown, aliyechunguza desturi za watu, alichapisha makala juu ya utani wa namna hii mnamo mwaka wa 1940. Alionyesha kama kuna mahusiano ambamo mtu anaruhusiwa kumchokoza mwenzake, na huyo mwenzake haruhusiwi kukasirika. Kati ya mababu na wajukuu jambo hili liko katika sehemu nyingi za Afrika. Sababu yake si ngumu: kazi ya kuchapa, kukaripia na kutuma shuleni ni ya wazazi. Koko amekwisha kuifanya kazi hiyo kwa watoto wake mwenyewe, sasa amepumzika. Anabaki na kazi ya kufurahia.

Utani huo unafundisha. Mtoto anajifunza kusema na mtu mkubwa bila kutetemeka. Koko anapata habari ambazo baba na mama hawazipati: nani anakosa masomo, nani anapenda nani. Na mambo mazito kama ndoa, mwili na kifo yanaweza kupitia mlango wa kicheko. Koko akisema, "Siku nitakufa, musipike ile jogoo yangu kwa matanga, ataniita mwizi," wajukuu wanacheka, lakini wamesikia pia kama koko anaanza kuwaza juu ya safari yake. Bila utani, neno hilo lingekosa pa kusemewa.

"Ulizaliwa mwaka gani?"

Swali moja linachekesha kuliko yote mbele ya meza ya kuandikisha watu: "Muzee, ulizaliwa tarehe gani?" Watu wengi wa umri mkubwa hawana tarehe kamili. Wana mwaka wa kukadiria tu, na kadi zao zinaonyesha hivyo. Ndiyo maana muzee mmoja anaweza kuwa na miaka 70 kwenye kadi moja, 74 kwenye nyingine, na 68 anapocheza na vijana.

Lakini bazee wana kalenda yao. Ni kalenda ya matukio, na kijana mwenye kalamu anaweza kuitumia kupata umri ulio karibu na ukweli.

Mtu aliyezaliwa siku inchi ilipopata uhuru, tarehe 30 Juni 1960, alikuwa mtoto wa karibu miaka minne wakati wa vita ya Mulele mwaka wa 1964, mwaka uleule ambapo maji ya ziwa Tanganyika yalipanda sana na kuingia katika nyumba za pwani. Alikuwa na miaka saba wakati mamluki wa Schramme walipoikalia Bukavu, kuanzia Agosti 1967. Alikuwa na miaka 14 wakati Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman kule Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974. Alikuwa na miaka 16 wakati Nyiragongo ilipotoa moto tarehe 10 Januari 1977, na miaka 19 wakati Mobutu alipofuta noti za zaire tano na kumi, Desemba 1979, na watu wakabaki na karatasi ndani ya magodoro. Nyiragongo ilipoingia katikati ya Goma tarehe 17 Januari 2002, alikuwa na miaka 41. Ilipotoka tena tarehe 22 Mei 2021, alikuwa anakaribia 61.

Kwa hiyo, koko akisema, "Mimi wakati ya Schramme nilikuwa nimekwisha kuoa," mjukuu anaweza kuhesabu: kama alioa na miaka 20, alizaliwa karibu mwaka wa 1947. Na koko akisema, "Nimekimbia volkeno mara tatu, na kila mara ilikuwa inanifuata mimi," huko si kujisifu tu. Ni tarehe tatu zilizofungwa pamoja.

Kuna hata jambo ambalo watoto wa Bukavu na Goma hawalijui. Sambaza wanaouzwa kila siku kando ya ziwa Kivu hawakuwamo zamani. Samaki hao waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Koko aliyezaliwa mwaka wa 1950 akimwambia mjukuu wake, "Mimi ni mkubwa kuliko sambaza," anasema kweli tupu.

Mwili unapoanza kuleta maneno

Sasa turudi kwenye miwani. Sababu gani muzee anaihitaji, hata kama maisha yake yote aliona vizuri?

Ndani ya jicho kuna kioo kidogo laini. Tukitaka kuona kitu cha karibu, misuli inakibadilisha umbo. Kadiri miaka inavyopita kioo hicho kinakuwa kigumu, hakikubali tena kubadilika. Hali hiyo inaanza kusikika karibu na umri wa miaka 40, kwa watu wa kila taifa, wasomi na wasiosoma. Mtu anaanza kusogeza Biblia au simu mbali na uso. Wengi wanalaumu mwangaza, wengine wanalaumu kiwanda cha vitabu kwa kuandika herufi ndogo. Kuna anayesema, "Macho iko muzuri, ni mukono njo imekuwa mufupi." Miwani ya kusomea inamaliza shida hiyo. Lakini inafaa munganga wa macho apime kwanza, kwa sababu macho yanaweza kuwa na ugonjwa mwingine ambao miwani ya sokoni haiuponyi.

Masikio nayo yana tabia yake. Yanapozeeka, yanapoteza kwanza sauti nyembamba, halafu nene. Sauti za watoto ni nyembamba. Herufi kama s, f na t pia zina sauti nyembamba. Kwa hiyo muzee anasikia kama mtu anasema, lakini hatambui neno. Mjukuu anaita, "Koko, sombe iko tayari!" Muzee anasikia "ng'ombe iko tayari," anakuja mbio, anafunua sahani, anamwangalia mpishi kwa huzuni. Watu wanasema kama muzee "anasikia kile anachotaka." Mara nyingi ni kwa sababu mwanawe mwenye sauti nene anasikika, na mjukuu mwenye sauti nyembamba hasikiki. Kupiga kelele hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kusimama mbele yake, akuone kinywa, na kusema polepole.

Usingizi pia unabadilika. Saa iliyo ndani ya mwili inasogea mbele: mtu mzee anasinzia mapema, saa mbili ya usiku, na kuamka saa kumi ya alfajiri. Usingizi wake si mzito kama wa kijana, na kibofu kinamwamsha. Ndiyo maana watu wanasikia ufagio ukipita uani wakati jogoo bado hajawika. Vijana wananung'unika ndani ya blanketi, lakini asubuhi uwanja ni safi na chai iko motoni, na hakuna anayenung'unika tena.

Halafu majina. "Amani... Furaha... Baraka... wewe, wewe pale!" Hapa koko asilaumiwe yeye peke yake. Ubongo unaweka majina ya watu wa jamaa moja kama katika kabati moja, na hata mama wa miaka 30 anachanganya majina ya watoto wake. Uzee unaongeza kitu kimoja: kutafuta kunachukua muda zaidi. Jina halijapotea, linakuja likichelewa, mara nyingi usiku wakati mgeni amekwisha kuondoka. Wakati huohuo, hazina ya maneno, mezali na ujuzi wa watu inabaki vizuri kwa miaka mingi. Ndiyo maana muzee anayesahau alipoweka funguo anaweza kueleza, bila kukosea, mpaka wa shamba uliokatwa miaka 40 iliyopita na majina ya waliokuwepo.

Mvi zinatoka kwa sababu chembe zinazotia rangi katika nywele zinachoka na kuacha kazi. Urefu pia unapungua kidogo, kwa sababu vipande laini vilivyo kati ya mifupa ya mgongo vinakuwa vyembamba, na mifupa yenyewe inaweza kushuka. Muzee akivaa abakosti yake ya wakati wa Mobutu na kuona inashuka chini kuliko zamani, anaweza kuwaza kama nguo imeongezeka. Nguo haijabadilika.

Faida ambazo kijana hazioni

Uzee unaondoa vitu, lakini unaleta vingine. Profesa Laura Carstensen wa chuo kikuu cha Stanford kule Marekani amechunguza kwa miaka mingi namna watu wanavyojisikia kadiri umri unavyoongezeka. Aliona kama watu wenye umri mkubwa, kwa wastani, wanasema wana hasira na mahangaiko machache kuliko vijana. Maelezo yake ni kwamba mtu anapojua wakati uliobaki si mrefu, anaanza kuchagua: anaacha magomvi yasiyo na faida, anabaki na watu anaowapenda.

Kweli, watu wake hawakuwa wakikimbia vita. Hapa kwetu muzee anaweza kuwa na mahangaiko mengi kuliko kijana yeyote. Lakini katika barza ya jioni watu wataitambua tabia hiyo. Kijana akitukanwa barabarani, anataka kupigana. Muzee akitukanwa, anauliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Mara nyingi ugomvi unaishia hapo, kwa sababu inaonekana kama alimjua babu yake.

Mtu mzee hana haja tena ya kuonyesha kama yeye ni mzuri. Anavaa kofia ya sufu jua likiwaka. Anaondoka kwenye karamu wakati anapotaka, na sababu yake inakubaliwa: "Magoti inaniita nyumbani." Anapewa kiti cha kwanza na kipande laini cha nyama. Anaweza kumwambia mkubwa wa serikali neno ambalo kijana angefungwa kwa ajili yake. Desturi nyingi za mashariki zimeweka nafasi hiyo wazi: kwa Wanande kuna kyaghanda, mahali ambapo wakubwa wanakaa na kukata maneno, kwa Walega kuna bwami, ambamo mtu anapanda ngazi kwa miaka mingi mpaka kufikia kindi, cheo cha juu kabisa. Katika desturi hizo umri ni sehemu ya njia ya kupanda.

Ndiyo maana kuna bazee wanaokataa neno lenyewe. "Miye siko muzee," wanasema. "Niko kijana ya zamani."

Wakati si wa kucheka

Hapa jamaa zinapaswa kuwa na macho. Si kila kitu kinachotokea kwa mtu mwenye umri ni "uzee tu". Neno hilo, "ni uzee tu", limechelewesha wagonjwa wengi kufika kwa munganga.

Kusahau alipoweka miwani ni kawaida. Kusahau kazi ya miwani, kupotea njia ya nyumbani aliyoipita miaka 30, kuuliza swali lilelile mara kumi kwa saa moja, au kutotambua mtoto wake mwenyewe, si kawaida. Hizo zinaweza kuwa alama za ugonjwa wa ubongo, na zinahitaji munganga.

Kuchanganyikiwa kwa ghafula, leo wakati jana alikuwa vizuri, ni jambo la haraka. Kwa watu wazee, malaria, ambukizo la mkojo, ukosefu wa maji mwilini au dawa zilizochanganywa vinaweza kuvuruga akili kabla homa haijaonekana. Mara nyingi chanzo kikitibiwa, akili inarudi.

Uso unaopinda upande mmoja, mkono unaoanguka, maneno yanayotoka vibaya kwa ghafula: hapo usingoje kesho, kwa maana inaweza kuwa kiharusi. Ni hospitali saa hiyohiyo.

Jicho linalofunikwa na wingu jeupe linaweza kuwa na mtoto wa jicho, na huo unatibiwa kwa upasuaji. Watu wengi wanakaa gizani miaka mingi wakiwaza kama ndiyo mwisho wa macho. Sikio lililoziba linaweza kuwa na nta tu. Muuguzi anaweza kuitoa, lakini kijiti cha nyumbani kinaweza kutoboa.

Na kuna ugonjwa usio na damu wala homa: muzee aliyekuwa akitania, sasa amenyamaza. Hataki kula, hataki kutoka inje, hataki redio. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema upweke na kutengwa vinaharibu afya ya watu wazee na kupunguza maisha yao. Kwetu vita imezidisha jambo hilo. Koko aliyekuwa na shamba lake, barza yake na majirani wa kutaniana nao anajikuta katika kambi ya waliohama makao, au katika chumba kimoja kwa jamaa iliyompokea. Hana mgeni wa kumpa kiti wala mtu anayejua hadithi zake. Mkeka na bugali anavihitaji, lakini anahitaji pia mtu wa kumuuliza, "Koko, kule kwenu mulikuwa mukicheka nini?"

Macho mekundu si uchawi

Mashitaka ya uchawi ndiyo jambo zito kuliko yote. Katika vijiji kadhaa vya Kivu ya Kusini, wanawake wazee wameshitakiwa kuwa wachawi, wamefukuzwa, wamechomewa nyumba, na wengine wameuawa. Mwaka wa 2021 mauaji ya namna hiyo yalitokea tena.

Ukisikiliza "ushahidi" unaotolewa, utakuta mara nyingi ni mambo yaleyale yaliyoelezwa hapo juu. "Macho yake ni mekundu." Mwanamke aliyepika juu ya kuni miaka 50, ndani ya jiko lisilo na dirisha, atakuwa na macho gani? Tena machozi yanayolainisha jicho yanapungua na umri. "Halali usiku." Saa ya mwili wake imesogea. "Anasema peke yake." Watu wengi wanaoishi peke yao wanasema kwa sauti, na aliyepoteza bwana na watoto vitani ana mengi ya kusema. "Alisahau jina la mtoto, halafu mtoto akagonjwa." Majina anayasahau kila siku. Mtoto amegonjwa kwa malaria, na malaria inaletwa na mbu.

Kuua au kupiga mtu kwa ajili ya mashitaka hayo ni kosa la jinai. Na Katiba ya inchi ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 49, inasema kama mtu wa umri mkubwa ana haki ya kupata ulinzi wa pekee. Lakini polisi wanafika wakichelewa mara nyingi, kama wanafika. Kinga ya kwanza ni wajukuu. Koko ambaye watoto wa avenue nzima wanakuja kumchokoza na kusikiliza hadithi zake ni mtu anayejulikana. Watu wanajua sababu gani macho yake ni mekundu na sababu gani anaamka saa kumi. Mashitaka yanamshika kwa urahisi yule aliye peke yake, ambaye hakuna anayecheka naye.

Kanuni za kucheka pamoja

Bazee wenyewe wanajua mpaka kati ya utani na dharau. Kanuni zake si nyingi.

Koko ndiye anayefungua mlango. Yeye akijicheka, nyumba icheke. Kama anatafuta maneno na uso wake una aibu, msaidie na unyamaze.

Kuna mambo ambayo hayachekwi: mkojo uliotoka, kuanguka, chakula kilichomwagika kwa mkono unaotetemeka. Hayo yanafutwa kimya, na habari inaishia hapo. Kumpiga picha muzee katika hali hiyo na kuituma kwenye simu za watu ni kumvua nguo mbele ya mji mzima.

Usimseme mbele yake kama hayupo. "Huyu hasikiagi tena" ni neno ambalo, kwa bahati mbaya, mara nyingi analisikia vizuri kabisa.

Mpe kazi iliyo ya kweli. Kuchambua maharagi, kumfundisha mtoto lugha ya kabila, kueleza mipaka ya shamba, kuhifadhi makuta ya likelemba. Mtu mwenye kazi ana sababu ya kuamka, na akikosea kidogo, anapata kisa kipya cha kuchekesha.

Na muulize mambo ya zamani wakati bado anaweza kujibu. Kila tarehe 1 Oktoba ni siku ya kimataifa ya watu wazee, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka wa 1990. Ni siku nzuri ya kukaa karibu na koko na kalamu na daftari. Lakini siku yoyote inafaa, jioni hasa, wakati umeme umekatika na simu zimezima.

Kesho asubuhi muzee atatafuta tena miwani yake. Atainua blanketi, atafungua sanduku, atalaumu wajukuu. Wao watacheka, naye atasema alikuwa anawapima tu. Halafu ataivaa, ataangalia nyuso zao moja kwa moja, na kuanza kuita majina. Atakosea mawili matatu, na watamngoja mpaka ayapate.